Bibi Harusi na Damu ya Pili

Arobaini ya Bi Mwanaidi ilisomwa siku ya Ijumaa nyumbani kwake Ng'ambo, Unguja, nami nilifika kwa boti ya pili, nimechelewa, nimejifunga mtandio ambao kila nikiinama unaniangukia puani. Wanawake walinisogezea nafasi kwenye mkeka bila kuniuliza mimi ni nani. Kisomo kilipokwisha zikaingia sinia za pilau, na ule mvuke ulipopanda, hiliki na mdalasini na bizari nzima, nikajikuta sipo tena Unguja. Nikainua macho ili machozi yasidondokee chakula cha watu, na pale ukutani, juu ya mlango wa chumbani, nikaiona saa. Ni saa ya plastiki, ya duara, ina majoka mawili ya rangi ya dhahabu yaliyoshikana mikia, saa mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona. Zamani ilining'inia juu ya jiko la Bi Mwanaidi huko Guangzhou, na mwaka mzima niliokula chini yake ilikuwa ikisema saa ya Unguja katikati ya China. Hakukubali iguswe. Alisema saa ya Wachina anaipata bure kwenye simu, ila hii ndiyo inayomwambia kama wanawe wameamka au wamelala. Sasa ilikuwa imerudi mahali inaposema kweli, na mwenyewe hayupo.

Habari za kwetu Singida, za baba na mbuzi wake na jinsi nilivyoangukia udaktari wa mifugo, nitaziacha. Ndugu zangu wanazisimulia vizuri kuliko mimi na kwa uongo mtamu zaidi. Ninachokitaka hapa ni mwaka mmoja tu, ule ambao mji wa Guangzhou ulikuwa ukijisafisha kupokea michezo mikubwa ya bara lao. Kujisafisha huko kulikuwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ilinipa mimi kazi: kungekuwa na mashindano ya farasi, farasi wa watu wazito wangeshushwa kwa ndege kutoka nchi nyingine, na ilibidi ijulikane mapema kama mbu wa pale wana virusi vya kuwadhuru. Namna ya pili ilikuwa msako. Polisi walipita majengo ya Xiaobei, tulikojazana Waafrika, wakitafuta watu ambao viza zao zimekwisha. Mguu wangu mmoja ulikuwa zizini na wa pili jikoni kwa Bi Mwanaidi, na kwa ujana wangu nilidhani hayo ni mambo mawili yasiyojuana.

Mwalimu wangu alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Mwalimu Liang, mnywaji wa maji ya moto, asiyecheka ila mbele ya farasi. Mazizi yalikuwa nje ya mji, kwenye mashamba ya mpunga na mabanda ya nguruwe, yaani pepo yenyewe ya mbu. Ugonjwa tuliokuwa tukiufuatilia unaitwa homa ya ubongo ya Kijapani. Virusi vyake vinakaa kwa nguruwe na kwa ndege wa majini. Mbu anavichukua huko, na akimuuma farasi vinaweza kupanda kichwani, mnyama akapata homa, akapepesuka, akagonga kuta, wengine wakafa. Lakini farasi hamwambukizi mwenzake, wala mtu, wala mbu. Vikishafika kwake vimefika mwisho wa njia. Maneno hayo niliyasema mwaka ule kwa Kichina changu cha kuokoteza mpaka yakawa yananitoka usingizini, maana hakuna aliyetaka kuyaamini. Jioni tulitundika mitego ya taa kwenye nguzo za zizi, kando ya kila taa chombo cha barafu kavu kinachofuka, kwa kuwa mbu hudhani ule moshi ni pumzi ya mnyama. Asubuhi tulikusanya vifuko, tukawagandisha mbu, tukakaa mezani kuwachambua kwa kibanio kama akina mama wanaochambua mchele wa shughuli. Na kila baada ya wiki mbili tulichukua damu kwenye shingo za farasi wachache ambao kwa makusudi hawakuchanjwa. Hao tuliwaita walinzi. Kazi yao ilikuwa kusimama nje waumwe, ili damu yao itwambie mapema kwamba hatari imefika.

Basi la kwenda mazizini liliondoka alfajiri karibu na kituo cha treni, mbali sana na bweni langu, kwa hiyo kila kuamkia siku ya damu nililala Xiaobei kwa Bi Mwanaidi. Aliniokota kwenye lifti ya jengo moja la biashara barabara ya Huanshi Zhonglu. Nilikuwa nimekumbatia kisanduku cha barafu nikijisemea kwa Kiswahili mambo yasiyofaa kuandikwa. "Nani kakuudhi, mwanangu?" sauti ikauliza nyuma yangu, na kabla lifti haijafika chini alikuwa amekwisha kujua jina langu, kabila langu, na kwamba sijala tangu asubuhi. Alikuwa mjane, mnene na mwenye kuringia unene wake, mnunuzi wa nguo za watoto. Sebule yake ilikuwa marobota matupu mpaka darini. Tulikaa juu ya marobota, tukaegemea marobota, na mimi nililala kwenye korido ya marobota, ndani ya harufu ya nguo mpya na vitunguu vya kukaanga. Jiko lilitosha mtu mmoja wa kawaida au nusu ya Bi Mwanaidi. Humo alipika samaki wa nazi ya kopo, na ile mboga yao inayoota majini akaiunga kama matembele, akala nayo wali huku akiapa kwamba Mchina hajui alichonacho. Jioni ya tatu nilipofika alinitupia kichwa cha kitunguu saumu na kisu. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Menya."

Mwingine wa kudumu pale alikuwa Lyimo, kijana wa Moshi aliyenunua suruali za jinzi Zhanqian Road na kupanga chumba cha nyuma. Mlokole, msafi, mwenye malalamiko. Nimesahau mihadhara yote niliyohudhuria mwaka ule, lakini mazungumzo ya wale wawili nikiwa nimelala korido nayakumbuka neno kwa neno.

"Mama, yule laoban, mwenye duka, ananiambia suruali meiyou, meiyou, hamna kabisa, na mimi naziona nyuma yake zimepangwa! Nikamwambia bei yako tai gui, ghali mno, aisee akafunga kikokotoo chake akaanza kula tambi."

"Weye huna adabu ya soko. Unakaa kwanza. Unaomba maji. Unamuuliza khabari za watoto."

"Nimuulize kwa Kichina gani, Mama?"

"Hicho hicho cha tai gui."

Nilicheka ndani ya blanketi mpaka wakanisikia. Nikasikia na Bi Mwanaidi akicheka, kicheko cha chini cha mtu anayejua amesema jambo zuri na hataki kulirudia. Nimekaa baadaye kwenye nyumba kubwa, zenye viti, lakini sijapata tena usingizi kama ule.

Na hakuna aliyetoka kwa Bi Mwanaidi peke yake. Kwao mtu akiondoka husindikizwa, na kuagana na mgeni mlangoni yeye alikuita kumfukuza. Miezi ya mwanzo alinisindikiza alfajiri mpaka kwenye basi, baibui likiburuta, ndara za plastiki mguuni, ameshika mkono mmoja wa kisanduku changu na mimi mwingine. Maneno yenyewe yalisemwa njiani. Usiku alinipigia soga za soko. Barabarani, tukiwa tunapita wafagiaji na wauza maziwa ya soya, ndipo aliponiambia juu ya marehemu mumewe, na juu ya Raya, bintiye mkubwa aliyekuwa skuli, na kwamba anaogopa watoto watamzoea kama sauti ya simu. Basi likiondoka alikuwa bado amesimama. Kwetu Singida mtu akikuaga amekuaga, na mwanzoni nilimwona anajisumbua. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa nikiamka mapema kwa ajili ya ile njia.

Kisha msako ukapamba moto, na sindikizo la Bi Mwanaidi likaanza kufupika. Oda yake moja ya nguo za watoto ilishonwa vibaya, akasubiri kiwanda kirudie, na katika kusubiri huko viza ikamwisha. Kwenda kujisalimisha aliogopa; kurudi nyumbani huku mzigo wake ungali kiwandani kwa watu aliona ni sawa na kujizika. Safari moja alinisindikiza mpaka kona tu. Safari iliyofuata, mpaka mlango wa kioo wa jengo. Halafu mpaka kwenye lifti ghorofani. Mwisho alibaki kizingitini, ameshika nguzo ya mlango kama mtu aliye kwenye boti, akinitazama nikibonyeza kitufe. Lyimo, ambaye karatasi zake zilikuwa sawa, ndiye aliyemnunulia mahitaji na kuzungumza na kiwanda. Jioni wakaaji wa jengo waliitana kwa simu: karandinga liko wapi, leo wameingia jengo gani. Bi Mwanaidi alizima taa ya sebule, akakaa chini ya saa yake. "Mimi si mwizi," alisema siku moja, bila kumwambia mtu yeyote. Nikaendelea kumenya vitunguu.

Wakati huo huo zizini aliletwa farasi jike mweupe, mzee kidogo, mpole, mwenye kope ndefu. Mlinzi wetu mmoja alikuwa ameteguka mguu, na huyu akanunuliwa kushika nafasi yake. Alitoka shule ya kuendesha farasi iliyofungwa, na hakuna aliyejua historia yake. Nilimtoa damu ya kwanza mimi mwenyewe, na majibu yalipotoka, kingamwili za homa ya ubongo zilikuwa zimejaa. Meneja wa mazizi alipata wazimu. Alikuwa mtu wa simu mbili, na zote mbili zilianza kulia. Wageni wanakuja, farasi wa mamilioni, na yeye ana mgonjwa uani! Akataka apelekwe kwa mchuuzi wa nyama kesho yake. Nikasema maneno yangu ya mwisho wa njia, haambukizi, haambukizi. Hakunitazama. Mwalimu Liang ndiye aliyemkalisha chini. Damu moja, alimweleza, inasema tu kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi hivi au na chanjo yake; haisemi lini. Inatakiwa damu ya pili, ya farasi yule yule, baada ya wiki tatu, zipimwe bega kwa bega. Kingamwili zikiwa zimepanda sana, ni ugonjwa mpya, mbu wa pale wana virusi. Zikiwa pale pale, ni jambo la zamani na mnyama hana kosa. Meneja akakubali kwa shingo upande: wiki tatu, farasi akae peke yake ndani ya chandarua, na lori la mchuuzi lije siku inayofuata damu ya pili, liondoke naye au liondoke tupu kutegemea majibu; majibu yasipokuwepo, liondoke naye.

Nilipomsimulia Bi Mwanaidi aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Kawekwa ndani? Ndani ya chandarua? Mweupe?"

"Ndiyo."

"Basi huyo bibi harusi." Akacheka, kisha uso ukambadilika. "Masikini. Na hajui kosa lake." Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za masomo. Nikiingia tu mlangoni, kabla ya shikamoo yangu kupata marahaba, alitaka habari za bibi harusi: anakula, hali, kakonda? Nami nilimletea habari kama mtu anayeleta habari za ndugu. Nilimwambia anaegemeza kichwa kwenye chandarua akiangalia wenzake wanaotembea uwanjani. "Najua anavyohisi," akasema Bi Mwanaidi. "Mwambie subira yavuta heri. Mwambie kwa Kiswahili, Kichina atakuwa kishachoka nacho." Nilimwambia kweli, mdomo wangu ukiwa kwenye sikio lake, na Mzee Huang, mtunza farasi, akatikisa kichwa kwa huruma, akidhani ninasali. Nasema bila haya kwamba nilimpenda mnyama yule. Nadhani nilimpenda kwa ajili ya Bi Mwanaidi; sikuweza kumtolea yeye viza, lakini damu ya pili niliweza kuitoa.

Damu ya pili ikaangukia kwenye sikukuu yao ya taifa, wakati China nzima inasafiri kwenda kwao. Wanafunzi wenzangu waliondoka, Mwalimu Liang alikwenda kumwona mama yake, nikabaki mimi, mgeni asiye na pa kwenda. Tatizo lilikuwa moja. Pasipoti yangu ilikuwa ofisini kuongezewa muda wa ukaazi, na mkononi nilikuwa na stakabadhi tu, kikaratasi chenye mhuri. Lyimo aliigeuza ile karatasi, akaigeuza tena. "Dada, wengine wamelala rumande na karatasi kama hii," akasema. "Polisi wa mtaani anataka kitabu." Bi Mwanaidi alimwambia anyamaze, wali unapoa.

Asubuhi aliamka kabla yangu. Alinikaangia chapati mbili akazifunga kwenye gazeti, akavaa baibui, akashika mkono mmoja wa kisanduku.

"Bi Mwanaidi, tafadhali usitoke."

"Mgonjwa wetu leo anatoa damu ya pili, nawe uende pweke kama huna kwenu? Nakufikisha chini tu. Nasimama ndani ya kioo, sitoki."

Na kweli alisimama ndani ya kioo. Hilo nataka lijulikane. Tulishuka kwa lifti, akaniachia kisanduku, nikatoka peke yangu, na hatua chache tu barabarani polisi wawili wakanisimamisha, mmoja mtu mzima, mmoja kijana. Huzhao, pasipoti. Nikatoa kikaratasi. Yule kijana akakisoma, akakisogeza machoni, akaonyesha kisanduku. Nilipofungua nikajua nimekwisha: vichupa vitupu, sindano, mipira ya kufungia mshipa, mwanamke mweusi, alfajiri, Xiaobei. Kichina kikanikimbia chote. Nikasema farasi, nikasema damu, na ubaya ni kwamba maneno hayo mawili yakiwa peke yake hayamsaidii mtu. Kijana akanishika mkono wa juu. Ng'ambo ya barabara saa ya jengo ilionyesha basi linakaribia kuondoka, na niliona waziwazi lori, na kamba, na zile kope ndefu.

Ndipo mlango wa kioo ukafunguka. Bi Mwanaidi alitoka kwa mwendo wake wa sokoni, mikono mbele, akisema kwa sauti maneno yote ya Kichina aliyokuwa nayo. Xuesheng! Mwanafunzi! Ma yisheng, daktari wa farasi! Na alipoona hawaelewi akashika hatamu za hewani, akainua kichwa, akaanza kukimbia kifarasi pale kando ya barabara, baibui likipepea, ndara zikilia pa pa pa, kisha akajichoma shingoni kwa kidole na kunionyesha mimi. Yule polisi kijana aliangua kicheko. Hata mtu mzima alitabasamu. Wakaangalia kitambulisho changu cha chuo, ambacho kwa hofu nilikuwa nimesahau kwamba kinaning'inia shingoni, wakafunga kisanduku, wakanirudishia karatasi. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikidhani yamekwisha.

Yule mtu mzima akamgeukia Bi Mwanaidi, kwa upole kabisa. "Huzhao?"

Bi Mwanaidi alikuwa bado anahema. Alimtazama, akanyoosha baibui lake. "Meiyou," akasema, kama wasemavyo wenye maduka, bila kuomba radhi.

Nilisema nitabaki. Nilisema naye pia ni wa kwetu, ni mama yangu, nilisema mengi na mengine kwa Kinyaturu. Akanikatisha. "Ukibaki utanifanyia nini? Utakaa na miye rumande tumenye vitunguu?" Akanisukumia kisanduku. "Bibi harusi anakungoja. Nenda, Dokta. Usiniharibie sindikizo langu." Na alipoona bado nimeganda, akanipigia ukelele kama anayefukuza kuku, "Nenda!" Nikakimbia. Nilipogeuka kwenye kona alikuwa amesimama kati yao wawili, mkono juu, akipunga kama anavyopunga kila mara.

Nilipanda basi na kulia mpaka mashamba ya mpunga yalipoanza, chapati zikiwa bado na moto kifuani mwangu. Mzee Huang alimshika farasi bila kuuliza kitu. Nilibonyeza mshipa wa shingo kwa kidole gumba, ukajaa, sindano ikaingia mara moja, damu ikapanda kwenye kichupa, nyeusi na ya moto. Meneja alisimama mbali na simu zake. Nikamwambia farasi kwa Kiswahili nani ameilipia safari ile. Akanipumulia usoni.

Mwalimu Liang, nilipompigia simu, alikatisha sikukuu yake akarudi na treni ya jioni. Asubuhi yake tulizipima damu zote mbili pamoja, ya kwanza iliyokuwa kwenye barafu na ya pili, vishimo kwa vishimo kwenye sahani moja. Tukasubiri rangi, ambayo hukolea kadiri kingamwili zilivyo nyingi. Ilipokuja, ilikuja sawasawa pande zote mbili, hakuna iliyozidi mwenzake. "Yiyang," alisema Mwalimu Liang, ni ile ile. Kingamwili zake zilikuwa za zamani. Pengine aliumwa na mbu ujanani, pengine mtu wa ile shule iliyofungwa alimchanja na kusahau. Kisha akacheka, ingawa hapakuwa na farasi, akanishika bega kwa sababu mimi nilikuwa nikilia tena. Lori liliondoka tupu. Kuwa mlinzi bibi harusi hakuweza, kwa kuwa damu yake haikuwa safi ya kutuonya, akapewa kazi ya kufundishia watoto kupanda, na nasikia aliiweza sana.

Bi Mwanaidi walimshikilia mpaka ubalozi na Watanzania wa mjini walipomtafutia tiketi. Lyimo ndiye aliyepata habari ya siku. Tukapanda basi la uwanja wa ndege, tukafika Baiyun, na baada ya kuzunguka sana tukamwona upande wa pili wa kamba, kati ya polisi wa kike wawili, amepungua, baibui lile lile. Hawakuturuhusu kusogea. Nikakusanya pumzi zote. "Bi Mwanaidi! Mgonjwa hana kitu! Ni ya zamani! Hana kitu!" Ukumbi mzima ukageuka. Alisimama, uso ukamfunguka, akapiga makofi mara moja kwa nguvu. "Nilijua!" akapaza sauti. Wakamvuta taratibu. Akageuka tena, "Lyimo! Saa yangu! Nitilie ndani ya marobota saa yangu!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akiyasema kwenye ardhi ya China, na Lyimo, mlalamikaji yule, aliifunga ile saa kwa magauni matatu ya watoto.

Baadaye tulisemezana kwa simu miaka yote hiyo, sikukuu zangu na sikukuu zake, harusi, misiba, bei ya mchele. China hakuruhusiwa kurudi. Aliuza vileja na keki mlangoni pake, akasomesha wanawe. Kulikuwa na swali moja sikuthubutu kumuuliza, na kila nilipojiandaa kuliuliza aliniambia nimsimulie tena meneja alivyoruka ruka na simu mbili.

Baada ya pilau nikaaga, nikachukua mkoba wangu niiwahi boti ya jioni. Raya, sasa mama wa watoto watatu, mnene na mwenye kuringa, akajitanda kanga akaanza kuvaa viatu. Nikamwambia asisumbuke, nyumba imejaa wageni. Akashika mkono mmoja wa mkoba, mimi wa pili, tukashika njia. Tulipovuka barabara kubwa nikamuuliza, nikiwa natazama mbele.

"Raya, mama yako aliwahi kunilaumu? Kwa siku ile?"

"Watu walimuuliza sana mama, imekuwaje karudi ghafla, hata kuaga hakuaga. Kila mtu alimpa jibu lile lile mpaka sisi watoto tukalijua kwa moyo." Akasimama, akaweka mkono kiunoni, akatoa sauti ya mama yake, ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokufa. "'Nilitoka kumsindikiza Dokta kwenye basi, nikapitiliza nikafika Unguja.'"

Tukacheka katikati ya njia, tumeshika mkoba, watu wakatupita wakitutazama. Nilipoweza kusema nilimwambia inatosha, arudi, bandari ile pale, naiona.

"Bado," akasema Raya, na akauvuta mkoba twende.